Akiba Inayooza: Maisha ya Daktari Michael Wood na Taaluma ya Kuhifadhi Ngozi ya Kupandikiza

Utangulizi

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakiifikiria nafaka iliyokauka vyema na kuwekwa ghalani, au mali iliyofukiwa ikingoja siku ya dhiki. Hata hivyo, ipo akiba moja ambayo methali hii haikuifikiria, nayo ni ngozi ya binadamu. Mpasuaji akimchuna mgonjwa kipande cha ngozi ya paja ili akifunike kidonda cha kifuani, kipande hicho huwa kimekatika kutoka katika mishipa ya damu iliyokilisha. Kikiachwa katika joto la mchana wa Kisumu, kitaharibika upesi. Kikitunzwa kwa maarifa, kitangoja siku nyingi na bado kitakuwa hai siku kitakapohitajika.

Makala haya yanasimulia maisha ya Daktari Michael Wood, mpasuaji Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa muda wa takribani miaka arobaini. Wengi wanamkumbuka kama mmoja wa waasisi wa huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa bingwa wa ndege alikuwa bingwa wa ngozi, na kwamba ujuzi wa pili ndio uliozaa ule wa kwanza. Yeyote aliyejifunza kupandikiza ngozi amejifunza pia kuhesabu saa. Wood alikuja katika nchi ambamo saa hizo zilimezwa na umbali, na maisha yake yote yanaweza kusomwa kama jitihada ya kuzikomboa.

Kuzaliwa na kuja Afrika

Michael Wood alizaliwa Uingereza. Alisomea udaktari mjini London na kuhitimu katika kipindi cha Vita Vikuu vya Pili. Alimwoa Susan, binti wa wamisionari Waingereza, ambaye alikuwa amezaliwa katika msitu wa Ituri, Kongo. Kwa hiyo, Afrika iliingia nyumbani mwa Wood kwa mlango wa ndoa kabla yeye mwenyewe hajaikanyaga.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 wawili hawa walihamia Kenya, na Wood akaanza kazi ya upasuaji mjini Nairobi. Wakati huo wapasuaji walikuwa wachache mno na karibu wote waliishi mijini. Hospitali nyingi za mashambani zilikuwa za misheni, zikiendeshwa na daktari mmoja au muuguzi peke yake. Mgonjwa aliyehitaji mkono wa bingwa alilazimika kumfuata kwa miguu, kwa machela, kwa lori au kwa gari moshi, na mara nyingi alifika wakati dawa haina tena nafasi.

Jambo lililomsumbua Wood zaidi halikuwa vifo pekee. Palikuwa na wale waliopona nusu. Mtoto aliyeanguka motoni alinusurika, kidonda kikafunga polepole kwa miezi, na kovu lilipokuwa likikauka likajikunja. Kidevu kikashikamana na kifua, vidole vikashikamana na kiganja, goti likakataa kunyooka. Mtoto huyo hakuwa mgonjwa tena, lakini hakuweza kushika jembe wala kalamu. Methali ya samaki mkunje angali mbichi huelezwa shuleni kwa kumlenga mtoto na malezi. Kwa mpasuaji wa ngozi, methali hiyo ni kanuni ya kazi: kiungo kilichoungua hunyooshwa na kufunikwa mapema, kabla kovu halijakauka.

Mafunzo chini ya McIndoe

Katika miaka ya 1950 Wood alirudi Uingereza kwa muda ili ajifunze upasuaji wa kurekebisha maumbile. Mwalimu wake alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa Dunedin, New Zealand, aliyekuwa ameifanya hospitali ya mji mdogo wa East Grinstead ijulikane ulimwenguni kote. Wakati wa vita, McIndoe aliwatibu marubani walioungua ndani ya ndege zao. Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama chao wenyewe, wakajiita kwa mzaha jina la panya wa maabara, kwa kuwa mengi waliyofanyiwa yalikuwa yakijaribiwa kwa mara ya kwanza. Chama hicho kilifikia wanachama 649.

McIndoe alikuwa na mafundisho mawili makubwa. La kwanza lilihusu mwili. Aliikataa dawa ya tanini iliyokuwa ikipakwa kwenye majeraha ya moto, kwa sababu ilikausha ngozi ikawa kama gamba na kuvikaza vidole na kope. Badala yake aliwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi, akakisafisha kidonda hadi kikawa chekundu na chenye damu hai, kisha akakifunika kwa ngozi mapema iwezekanavyo. La pili lilihusu utu. Aliwaruhusu wagonjwa wake watembee mjini, waingie madukani na kwenye kumbi za starehe hata kabla nyuso zao hazijakamilika kutengenezwa, na akawaomba wenyeji wawazoee bila kuwakodolea macho. Kwake yeye, kazi haikuisha kidonda kilipofunga. Iliisha pale mgonjwa alipoweza kukaa mbele za watu.

Wood aliyabeba mafundisho haya yote mawili aliporudi Afrika Mashariki.

Taaluma ya kuingojesha ngozi

Ili kuielewa kazi aliyojifunza Wood, ni muhimu kueleza kwa ufupi jinsi ngozi inavyopandikizwa na jinsi inavyowekwa akiba.

Kwa kawaida mpasuaji huchuna tabaka jembamba la juu, jembamba karibu kama karatasi, mara nyingi kutoka pajani. Mahali palipochunwa hapabaki kidonda cha daima. Mizizi ya nywele na sehemu ya chini ya ngozi hubaki, na kwa muda wa wiki mbili hivi ngozi mpya huota. Kipande kilichochunwa hutandazwa juu ya kidonda safi. Kwa siku mbili za mwanzo hunywa majimaji ya kidonda tu, kama mche uliopandikizwa ambao mizizi yake haijashika udongo. Baada ya hapo mishipa midogo ya damu huingia kutoka chini, na kufikia mwisho wa wiki ya kwanza kipande huwa kimeshika. Damu ikiganda chini yake, usaha ukijaa, au kikisogezwa kabla ya wakati, hufa.

Hapo ndipo haja ya akiba inapojitokeza. Pengine kidonda kinavuja damu siku ya upasuaji, na ni hekima kungoja siku moja au mbili kabla ya kukifunika. Pengine ngozi iliyopandikizwa itashika sehemu kubwa na kufa sehemu ndogo, na sehemu hiyo itahitaji kiraka. Mpasuaji mwenye busara huchuna zaidi ya anachohitaji siku hiyo. Ngozi ya ziada hutandazwa juu ya shashi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi, ikakunjwa, ikatiwa katika chupa safi iliyochemshwa, ikafungwa na kuwekwa ndani ya jokofu kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi, isigande. Kwa hali hiyo hukaa hai kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, ingawa nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Siku ya kuitumia, daktari au muuguzi aliyefunzwa huitoa na kuitandaza kidondani pale pale wodini. Mgonjwa hahitaji kulazwa usingizi tena, kwa sababu sehemu yenye maumivu makali, yaani kuchuna, ilikwisha kufanyika.

Maarifa haya hayakuanza na McIndoe. Mwaka 1903 Mjerumani Wentscher alikuwa tayari ameandika kuhusu ngozi iliyohifadhiwa nje ya mwili kisha ikashika. Hata hivyo, ni Vita Vikuu vya Pili, pamoja na wingi wa walioungua, vilivyoifanya chupa ya ngozi kuwa kifaa cha kawaida katika jokofu la wodi. Vita hivyo hivyo vilifundisha pia mpaka wake. Mwaka 1943, mjini Glasgow, Peter Medawar na Thomas Gibson walionyesha kwamba ngozi ya mtu mmoja ikiwekwa juu ya mwingine hukataliwa na kinga ya mwili, na ikirudiwa mara ya pili hukataliwa upesi zaidi. Kwa sababu hiyo, chupa yoyote ya ngozi iliyomo jokofuni haina budi kuandikwa jina la mwenyewe na tarehe. Ngozi ya mwingine inaweza kumsitiri mgonjwa kwa muda tu, kama hema la mkimbizi, hadi apate ya kwake. Hifadhi ya miezi na miaka ilikuja baadaye, baada ya watafiti wa Uingereza kugundua mwaka 1949 kwamba gliserini huzilinda chembe hai zisiharibiwe na barafu. Mwaka huo huo jeshi la majini la Marekani lilianzisha benki ya kuhifadhi sehemu za mwili, ngozi ikiwa mojawapo.

Kwa hospitali zisizo na umeme palikuwa na njia nyingine. Zilikuwepo jokofu za mafuta ya taa, ambazo hospitali nyingi za misheni zilizitumia kuhifadhia dawa na chanjo. Pasipo na jokofu kabisa, ngozi ya ziada iliweza kurudishwa pale pale ilipochunwa, ikafungwa bendeji, na kutolewa tena siku chache baadaye. Mwili wenyewe uligeuzwa kuwa ghala.

Mazungumzo ya Kilimanjaro

Wood na mkewe walikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Tanganyika. McIndoe naye aliipenda nchi hiyo na akawa na shamba huko. Mwaka 1956 walikaa pamoja na mpasuaji wa tatu, Mmarekani Thomas Rees wa New York, ambaye pia alikuwa amepitia East Grinstead, wakazungumza kuhusu wagonjwa wasioweza kumfikia bingwa. Suluhisho lao lilikuwa rahisi kulieleza: ikiwa mgonjwa hawezi kumfuata mpasuaji, mpasuaji amfuate mgonjwa. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo baadaye lilijulikana kama AMREF, na ambalo leo linaitwa Amref Health Africa.

Wood alijifunza urubani na akawa akiiendesha ndege ndogo mwenyewe. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, alikwenda kwenye hospitali za mbali, akawapasua wagonjwa waliokuwa wamekusanywa wakimngoja, kisha akaruka kwenda kituo kingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtandao wa redio uliziunganisha hospitali hizo na Nairobi, hata muuguzi aliyekuwa peke yake akaweza kuuliza na kujibiwa. Madaktari wengine walijiunga, miongoni mwao Anne Spoerry, aliyekuja kupendwa sana huko Lamu na kaskazini mwa Kenya.

McIndoe hakuishi kuona matunda hayo. Alifariki London mwezi Aprili 1960. Mzigo wa shirika ukabaki mabegani mwa Wood, aliyeliongoza hadi mwaka 1985.

Ndege na jokofu vilikuwa majibu mawili ya swali moja. Ndege ilimfikisha mpasuaji, lakini kesho yake ilimwondoa. Ilhali ngozi aliyoipandikiza ilihitaji siku saba za kuangaliwa, na kiraka kilichokufa siku ya nne kilihitaji ngozi nyingine wakati mpasuaji yuko umbali wa mamia ya kilomita. Huduma ya aina hii haiwezi kusimama juu ya mtu mmoja, hata awe hodari vipi. Humtegemea muuguzi anayebaki, anayejua kufungua bendeji bila kuing'oa ngozi, na anayejua chupa iliyomo jokofuni ni ya nani na ina siku ngapi. Ukweli huu ulibadilisha mwelekeo wa shirika. Katika miaka ya 1970 nguvu nyingi zilielekezwa kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya, uchapishaji wa vitabu vya kufundishia na kinga ya magonjwa vijijini. Bingwa wa ngozi alikuwa ameanza kuamini kwamba jeraha lililo rahisi kulitibu ni lile lililozuiwa lisitokee.

Kuna wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama mzungu anayeshuka kutoka angani kutibu na kuondoka hakuwa taswira nyingine ya ukoloni. Swali hilo halifai kupuuzwa. Wood alikuja wakati wa utawala wa kikoloni na alimiliki shamba kwenye ardhi ambayo wenyeji wengi hawakuweza kuimiliki. Wakati huo huo, alikuwa mfuasi wa chama cha Capricorn, kilichotetea jamii ya watu wa rangi zote. Chama hicho kilikosolewa na walowezi waliokiona kimekwenda mbali mno, na pia na wapigania uhuru waliokiona hakikwenda mbali vya kutosha. Jibu bora zaidi alilolitoa lilikuwa katika kazi yenyewe. Shirika aliloliacha lilifikia kuendeshwa na Waafrika, na makao yake makuu yamebaki Nairobi.

Ufuo wa Ziwa Victoria

Wood hakuwa mtu wa Kisumu, na maisha yake hayawezi kudaiwa na mji huo. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali panapoueleza umuhimu wa taaluma yake vizuri zaidi kuliko ufuo wa Nam Lolwe.

Usiku usio na mbalamwezi, ziwa huonekana kama mji. Ni taa za wavuvi wa omena, ambao kwa miaka mingi walitumia karabai za mafuta ya taa kuwavuta samaki hao wadogo karibu na nyavu. Karabai ikilipuka ndani ya mtumbwi, hakuna pa kukimbilia ila majini. Nyumbani, koroboi huangushwa na mtoto anayesoma, na sufuria ya uji humwagika karibu na mafiga. Upande wa Muhoroni, Chemelil na Miwani, mashamba ya miwa huchomwa kabla ya kuvunwa. Na barabara kuu ya kuelekea Busia hupitisha malori ya petroli usiku na mchana. Mwezi Julai 2021 lori moja lilipinduka Malanga, kaunti ya Siaya. Watu walikusanyika kuteka mafuta, moto ukawaka, na watu wasiopungua 13 wakafariki.

Mkasa wa namna hiyo ndio unaoonyesha thamani ya akiba ya ngozi. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hana mahali pengi pa kuchuniwa. Ngozi yake kidogo iliyo nzima haipasi kupotea hata kiraka kimoja, na vidonda visivyofunikwa humwaga maji na kukaribisha vijidudu hadi mwili ushindwe. Kila kipande cha ziada kinachotunzwa kwenye baridi ni siku kadhaa za uhai.

Hospitali kubwa ya Kisumu, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, wenyeji waliiita Russia. Leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga na ni hospitali ya rufaa na mafunzo. Nairobi ni yapata kilomita 350 kwa barabara, na mgonjwa wa Kisumu ana afadhali kuliko wa Mfangano au Remba, ambaye lazima kwanza avuke maji. Umbali alioupiga vita Wood umepungua, lakini haujakwisha. Kwa mvuvi aliyeungua kisiwani, saa bado zinahesabiwa kwa kasia.

Miaka ya mwisho

Wood aliandika pia. Mwaka 1978 alichapisha kitabu kuhusu safari zake za udaktari, na kingine kilitoka mwaka 1987. Mkewe Susan alianzisha mwaka 1975 karakana ya shanga za udongo, Kazuri, huko Karen, Nairobi, iliyowapa ajira akina mama wengi waliokuwa wakilea watoto peke yao. Mwaka 1985 Wood alitunukiwa cheo cha heshima na malkia wa Uingereza, na mwaka huo huo, badala ya kupumzika, akashiriki kuanzisha shirika la FARM-Africa la kuwasaidia wakulima na wafugaji wadogo. Mtu aliyeanza kwa kuziba majeraha alikuwa sasa akishughulikia njaa. Alifariki mwaka 1987. Medawar, aliyeufundisha ulimwengu kwa nini ngozi ya mtu haikai juu ya mwingine, alifariki mwaka huo huo.

Hitimisho

Maisha ya Michael Wood yanaonyesha kwamba tiba kubwa mara nyingi hutegemea mambo madogo: shashi yenye unyevu, chupa iliyofungwa vyema, karatasi yenye jina na tarehe, na mtu anayekumbuka kuifungua kwa wakati. Ndege zake ndizo zilizopigwa picha na kusifiwa, lakini baada ya ndege kuondoka, kazi ilibaki mikononi mwa wale ambao hakuna aliyewapiga picha. Wood alilifahamu hilo, na sehemu ya pili ya maisha yake ilikuwa ya kuwafunza hao wanaobaki.

Wahenga hawakukosea. Akiba haiozi, ikiwa yuko anayeilinda. Ufuo wa Ziwa unahitaji majokofu, umeme usiokatika na vyumba vya upasuaji, lakini zaidi ya hayo unahitaji walinzi wa akiba hiyo: wauguzi na matabibu waliofunzwa, walio karibu na mgonjwa kuliko ndege yoyote. Taaluma iliyokuja na mpasuaji kutoka mbali itakuwa imetimiza lengo lake siku mtoto aliyeungua Mfangano atakapofunikwa kwa ngozi yake mwenyewe kabla kidole chake hakijakunjika.